Dawa Yenu Inameza Sauti ya Pipa Langu

Bigo, Jumatatu asubuhi, kabla wateja hawajafika

Kwa Bwana Étienne, Mukubwa wa Laboratwari ya Kemia ya Chuo Kikuu, Bunia

Bwana Étienne muheshimiwa,

Ninatumaini weye na wa nyumbani muko wazima. Siye huku tuko, lakini hatuko vizuri, na sababu ni dawa yenu.

Mulikuja kuniomba hewa inayotoka kwenye pombe yangu ya mahindi. Mulisema hewa ile ni ya kaboni, na mashine yenu, ikitiwa dawa inayoitwa katalizeri, inaigeuza plastiki. Nikakubali, maana hewa sikuwa nikiiuza. Dawa ya kwanza ilikuwa na uvivu: ilichukua kidogo, hewa iliyobaki ikapita kwenye tiyo, ule mpira wa bomba, na kuchemka ndani ya ndoo ya maji, barabara nzima ikasikia. Mwezi uliopita mukaleta dawa bora. Malalamiko yangu yanaanzia hapo.

1. Dawa mpya inameza yote. Pipa liko kimya. Weye ni mutu wa huku, unajua munywaji wa Bigo haketi kabla hajatega sikio kwenye pipa, asikie kama pombe iko hai. Muzee Ephraïm, mteja wangu wa kila siku, alitega sikio, akavua kofia, akanipa pole. Kisha akaenda kunywa kwa Véronique, ambaye pombe yake ni maji yenye kelele.

2. Pombe hii inalisha watoto wangu na wa dada yangu Angèle, aliyekimbia vita Djugu na sasa iko kambini. Kwa hiyo nilimuweka shemeji yangu Patou nyuma ya pipa, apulize ndani ya maji kwa mrija, kelele irudi. Wateja wakarudi. Lakini Hilaire, fundi wenu, alipomuona akafurahi, akasema pumzi ya mutu iko na hewa ileile, akamufungia tiyo naye.

3. Tangu hapo shemeji yangu anageuzwa plastiki mchana kutwa, na familia haikuulizwa. Siye tunazika mutu akiwa kamili. Siku Patou akifa, Mungu atuepushe, itabidi mulete vipande vyake vyote kwenye matanga, hata vile vilivyokwisha kuwa vikombe.

Kwa heshima ninaomba muiharibu dawa kidogo. Mumesoma sana, hamutashindwa. Ikishindikana, uje mwenyewe na waalimu wenzako, mukae nyuma ya pipa kwa zamu, mupulize.

Umusalimie mama watoto, wanafunzi, hata mulinzi wa mlangoni anayenikatalia kuingia. Nina hasira, lakini ninabaki jirani yenu mwema,

Wivine, muuza pombe

Nyongeza: Hilaire aliniachia kipande kipana cha plastiki yenu, nikamupa Angèle bila kufikiri. Jana mvua kubwa ilinyesha kambini. Sasa hivi amefika kwa miguu kuniambia watoto wadogo walilala wakavu, mara ya kwanza tangu wakimbie. Nimelia. Basi dawa musiiguse, muiongeze nguvu kama munaweza. Wanaotaka kelele waende kwa Véronique. Nimeanzisha pipa lingine, mupate hewa zaidi, maana kile kipande kinafunika watoto wanne, na Angèle iko na sita.