Chungu cha Alkorkoni Kwenye Kiti cha Enzi

Sogeeni, enyi wenye masikio yasiyochoka, na aliye na kazi mkononi aiweke chini. Kwani leo yanasimuliwa mapambano ambamo hakuna upanga uliotoka alani wala farasi aliyelia, na bado Uhispania yote ilitetemeka, au walau chumba kimoja cha Uhispania hiyo.

Zilikuwa mvua za vuli pale Madrid, na mfalme alikuwa amezikwa bila kuacha mtoto. Ufalme ule uliokuwa ukitisha bahari zote sasa ulikuwa na paa linalovuja. Wakuu waligawanyika: hawa wakimtaka mjukuu wa mfalme wa Ufaransa, wale wakimtaka mwana wa kaizari wa Austria, na katikati yao, juu ya ngazi zake, kiti cha enzi kilibaki kitupu, na mto wake wa mahameli mekundu.

Mlinzi wa kiti hicho alikuwa Don Fadrique Orduña, mzee mwembamba mwenye magoti yanayolia, simba wa ufagio, jemadari wa kitambaa cha vumbi. Tangu ujana wake alikipangusa kiti kile kila asubuhi, wala hakupata kukikalia hata ndotoni. Na asubuhi ile, alipoingia ukumbini, akausikia mshindo wa adui: to! Tone likatua juu ya mahameli. To! Jingine likafuata kwa ufedhuli uleule.

Mahameli yakioza, ataulizwa nani? Na wakifukuzwa kwenye kile chumba chao nyuma ya jiko la kasri, yeye na mkewe Leokadia, waende wapi uzeeni? Akakikumbatia kiti ili akisogeze kulia.

"Thubutu!" ikanguruma sauti mlangoni. Alikuwa Don Gaspar de Valdecorza, mwamba wa chama cha Ufaransa. "Upande huo hukaa watu wa Austria! Unataka vizazi vijavyo viseme kwamba ufalme ulitolewa zawadi na mfagiaji?"

Fadrique akageukia kushoto.

"Na huko ni Ufaransa!" akafoka Don Íñigo de Olmeda, ngome ya Waaustria, ambaye siku hizo alimwandama Don Gaspar hata chooni asije akafanya jambo peke yake. "Kiguse, mzee, uone damu itakavyomwagika!"

"Waheshimiwa wangu, kwa sasa yanayomwagika ni maji," akasema Fadrique.

"Basi apande fundi aliezeke paa!" akaamuru Don Gaspar.

"Kwa amri ya nani?" akadakia Don Íñigo.

"Ya mfalme!"

"Mfalme yupi?"

Lo! Hapo vita vikawaka. Wakarushiana mababu kama mawe ya kombeo. Shangazi wa huyu akamwangusha binamu wa yule, ndoa za kale zikafukuliwa makaburini, na juu ya ghasia yote: to! to! to!

Fadrique akatoka. Akavuka ua katika mvua, kichwa wazi, mpaka kwenye chumba chake, alikokuwa Leokadia, bibi mwenye ulimi wa kisu, akichochea moto.

"Ee nguzo ya nyumba yangu," akanena, akitweta, "ufalme unakiomba chungu chako."

"Ufalme ukome. Hizi dengu ndiyo kwanza zinaanza kuchemka."

"Kiti kinalowa, mke wangu."

"Na hao mabwana zako hawana bakuli?"

"Wanayo ya fedha. Kila moja lina nembo. Nikiweka la huyu, yule atanikata shingo."

Leokadia akamtazama: maji yanamchuruzika puani. Akazimimina dengu kwenye karai, akamtupia chungu kikiwa bado na joto.

"Haya, nenda kaokoe Uhispania yako. Ukikivunja, usirudi."

Akarudi mbio, chungu kifuani kama ngao, akakuta majemadari wale wawili wamesimama bega kwa bega mbele ya ngazi. Kwa mara ya kwanza tangu maziko walikuwa wamekubaliana jambo.

"Chungu? Kwenye kiti cha enzi? Cha nani hicho?" wakafoka kwa pamoja.

"Cha mke wangu, waheshimiwa."

"Naye yuko upande gani?" akauliza Don Íñigo, macho kama sindano.

"Mke wangu hayuko upande wa mtu yeyote, bwana. Hata wangu."

"Kimefinyangwa wapi?" akauliza Don Gaspar.

"Alkorkoni, bwana. Hapo tu, nje ya mji."

Wakakizungusha chungu, wakakinusa, wakatafuta Ufaransa ndani yake, wakatafuta Austria; wakaona masizi na dengu moja. Fadrique hakungoja hukumu. Akapanda, magoti yakilia, akakiweka chungu juu ya mto, palepale shabaha ya adui.

Tone likashuka. Ndo! Likanaswa.

Ndipo Don Íñigo akakumbuka, kwa hofu, kwamba sheria ya kasri haimruhusu mtu kuvaa kofia mbele ya kiti cha enzi kilichokaliwa. Akamwangalia Don Gaspar. Don Gaspar naye akamwangalia. Na kwa kuwa hakuna aliyetaka kuonekana mwasi kuliko mwenzake, wakavua kofia kwa pamoja, wakainama mbele ya chungu, wakatoka kinyumenyume.

Fadrique akabaki peke yake. Akaingiza kiganja chini ya chungu, akapapasa mahameli yaliyokwisha kukaushwa na joto lake, akafumba macho.

Na iandikwe basi, isomwe na watakaozaliwa: siku ile, katika Uhispania yote iliyokuwa ikigombewa bahari hadi bahari, palibaki mahali pamoja tu pakavu, upana wa makalio ya mtu mmoja, na Don Fadrique Orduña ndiye aliyepalinda.