Somo la Mwendo kwa Gari Lisilo na Dereva

Jumatatu, 12 Septemba
Vumbi la jangwa la Mojave mpaka kwenye meno. Gari letu linajiendesha lenyewe, ila halijui wapi likimbie na wapi lipunguze. Mke wangu Opal, mkuu wa timu, kaamua: niliendeshe jangwani mara moja, kompyuta irekodi ninavyopunguza mwendo kwenye mashimo, ijifunze. Kaka yake Garth naye atarekodi somo lake. Ijumaa tunajaribu yote mawili. La mshindi ndilo litakaloingia kwenye mashindano ya magari yasiyo na dereva. Lazima liwe langu! Garth kanicheka, eti shemeji Wendell, wewe hata toroli huliwezi.

Jumanne, 13
Nilipanga kupaa. Opal akanipakizia mama yake, nimpitishe kwa daktari wa mgongo, njia hiyohiyo ya mawe. Na pai ya pichi mapajani mwake! Kila shimo mama mkwe aliguna, taratibu, baba. Nikapunguza, nikaomba radhi, nikatambaa. Kompyuta imerekodi yote. Na kurudia hakuna, Opal alisema mara moja tu. Nimekwisha!

Alhamisi, 15
Garth kaenda kula. Nimebadilisha majina kwenye kompyuta. Somo lake sasa langu, langu lake. Kichwa ninacho, jamani!

Ijumaa, 16
Balaa. Lilianza “la Garth”. Gari likikutana na tuta linapunguza kwa adabu, likishalivuka linaongeza mwendo. Likamaliza njia nzima bila mkwaruzo. Likaja “langu”. Likatoka mbio kama limeibwa, likajitupa korongoni, gurudumu la mbele likaenda zake peke yake. Opal akamkumbatia Garth.

Ndipo mama mkwe, kwenye kiti chake cha kukunja, akasema, eti lile la kwanza ni Wendell mtupu, ndivyo alivyonibeba Jumanne, mgongo haukuniuma hata chembe. Opal akakagua tarehe za rekodi. Akanivuta sikio mbele ya timu nzima, kisha akanibusu. Eti mjinga wangu, ulishashinda kihalali, ukaenda kuiba kushindwa. Garth alicheka mpaka akakaa chini. Nampenda mke wangu.

Jumapili, 18
Somo langu ndilo linaloenda mashindanoni! Opal kapiga marufuku mtu kuligusa. Furaha tele. Lakini nawaza, kwa nini dunia ione natambaa? Gurudumu jipya limeshafungwa. Opal na mama yake wako kanisani. Nikirekodi upya, kasi kidogo tu, nani atajua? Mkanda wa kiti nimeshafunga.