Ombi la Kurudishiwa Maji Yaliyokuwa Yakipotea

Kwa Papa Parfait,
Rais wa Umoja wa Watumia Maji,
Bugarama, Rusizi.

Mheshimiwa Papa Parfait,

Nakusalimu wewe na Maman Reine, na kuupongeza umoja kwa mfereji mpya. Siku ya sherehe nilikuwepo. Fundi wa maji aliyetoka mjini alisimama kando ya sima, ile saruji mpya ya mfereji, akatuambia: "Ba mama, ba papa, sasa hata tone moja haitapotea." Tulipiga makofi, mimi kuliko wote, kwa sababu sikujua kwamba yale yaliyokuwa yakipotea yalikuwa yakipotelea kwangu.

Mimi ni Nabintu, mjane wa Donatien, mwenye kisima kile chini ya mfereji. Naandika kwa unyenyekevu kuomba upotevu urudishwe. Sababu zangu ni hizi.

1. Kisima. Marehemu alikichimba tulipooana. Mfereji ulipokuwa wa udongo, hakikukauka hata kiangazi kimoja. Tulimshukuru Mungu, bila kujua kwamba alitumia matundu ya panya mferejini. Sima ilipoingia, niliongeza kamba, kisha nikaongeza tena. Mwezi uliopita ndoo ilipanda na tope na chura mmoja, aliyeonekana kama mtu anayehama. Sasa nateka maji mbali, na mgongo wangu unajua njia yote. Nilimwita fundi, akachungulia, akasema: "Maman, hii maji ilikuwa ya mufereji. Kisima yako ilikuwa inaiba." Miaka yote nimekaa kiti cha mbele kanisani, kumbe nyumbani nimefuga mwizi. Nakubali kosa. Naomba tu aruhusiwe kuendelea.

2. Kinamasi. Jirani yangu Honorine alikuwa akikata matete pale na kusuka mikeka. Ule mliokalia siku ya sherehe ni wa mkono wake. Leo kinamasi kimepasuka kama kisigino, na mtu ameshapanda mahindi mahali tulipokuwa tukizama. Honorine alisuka mkeka kwa matete ya mwisho, yakaisha kabla ya mkeka kuisha. Akaniletea, akasema, "Chukua, Nabintu. Huu ni wa muntu mufupi." Alicheka kidogo, kisha akakaa mlangoni kwangu mpaka jua likapungua, bila kazi ya mikononi. Sijawahi kumwona hivyo.

3. Kijito kinachotoka kinamasini kwenda mto Ruhwa. Wanawake wanaofua kule chini walimtuma mwenzao kuja kutulaumu kwamba tumefunga maji yao. Nilimjibu kwa fahari kwamba hatukuyafunga, tuliyaokoa. Akauliza yaliyookolewa yamewekwa wapi, ili akayasalimie. Nikashika njia ya mfereji kwenda kuyatafuta. Nimeyakuta kule juu, Papa, katika mashamba mapya ya mpunga ambayo kabla ya kuokoa hayakuwepo. Yana afya. Hayakunitambua.

4. Muhigirwa, mlinzi wa milango ya maji. Mlimfukuza kwa sababu alikuwa akilala kazini na kusahau kufunga. Ni kweli. Alilala, na sisi sote wa chini tukanywa. Kijana mliyemweka hasinzii, hasahau, na simu yake inamkumbusha. Kwa hali hiyo tutakufa kwa bidii yake. Naomba Muhigirwa arudishwe, apewe cheo cha Mkuu wa Upotevu, pamoja na kitanda. Akionekana yuko macho saa za kazi, aonywe, akirudia, afukuzwe. Nimekwisha kuongea naye. Yuko tayari, ila ananiambia kwamba tangu aachishwe kazi hapati usingizi.

Kama hayo yote ni mazito kwa umoja, naomba tundu moja tu katika sima, la ukubwa wa ngumi, mbele ya nyumba yangu. Nitalifunika kwa majani wageni wakija.

Wasalimie wajumbe wote, pamoja na fundi, ambaye simchukii. Nakutakia mavuno mema na miguu yenye unyevu kidogo.

Ni mimi, jirani yenu wa upande wa chini,
Nabintu

N.B. Mwanangu Ghislain nilimpa barua hii akuletee. Akaisoma njiani, akarudi nayo. Shamba lake liko mwisho kabisa wa mfereji, na huu ndio msimu wa kwanza maji kumfikia bila kugombana na mtu. Mpunga wake umefika magotini. Alinieleza taratibu, kama anayemweleza mgonjwa, kwamba yale maji ya kisima changu yalikuwa yake. Tumekubaliana barua iende hivyo hivyo. Lakini mkitoboa, Papa, tafadhali msitoboe kabla hajavuna, na tundu liwe chini ya shamba lake. Ghislain anasema chini ya shamba lake mfereji umekwisha. Basi liwe hapo hapo.