Namba Nane Aliyegeuzwa Kuwa Moja

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti Shiraishi,
Chama cha Wakazi wa Mtaa wa Kitamachi.

Natumaini goti lako linaendelea vizuri. Mimi sina raha, na sababu ni orodha mpya ya zamu ya usafi wa kituo cha taka.

1. Kwa miaka thelathini na moja nyumba yangu imekuwa namba nane. Katibu wako, kijana Hanyuda, alipoihamishia orodha kwenye tovuti, aliandika nyumba saba, akachomeka tangazo la kuonya juu ya kunguru wanaochakura taka, kisha akaendelea na nyumba tano zilizobaki, kila nyumba wiki moja. Chini ya tangazo mimi ni namba moja! Nilifanya kosa gani?

2. Namba moja halisi ni Bi. Mizoguchi Fusae. Wiki ya kwanza tulikutana alfajiri, fagio mbili, wavu mmoja wa kufunikia taka. Akaniambia, "Mzee Kuwabara, rudi ukalale, hii zamu yangu." Nikamwonyesha orodha niliyoichapa kwenye karatasi. Akasema, "Kwa hiyo mimi ni namba sifuri?" Tuligombana siku saba mfululizo, majirani wakichungulia madirishani.

3. Wiki ya nane mpaka ya kumi na mbili hazikuwa na mtu. Kunguru walilisoma tangazo lao wakaja wote. Miiba ya samaki imepatikana hadi kwenye ngazi za hekalu.

4. Mimi nimepanga herufi katika kiwanda cha uchapaji miaka arobaini, kwa hiyo nilikwenda maktaba nikatazama alama za kompyuta zilizo nyuma ya ukurasa ule wa tovuti. Kijana ameifunga orodha kabla ya tangazo, akafungua nyingine baada yake. Mashine haikumbuki ilipoishia. Orodha mpya huanza na moja. Angeiambia tu ianzie nane, au angeliweka tangazo ndani ya kipengele cha saba bila kuifunga orodha.

Samahani, kuna mtu mlangoni.

Nimerudi. Alikuwa Bi. Mizoguchi, kaniletea figili alizochachusha. Kanikaripia kwamba shati langu halijapigwa pasi.

5. Umeona, Mwenyekiti? Nimekatizwa, na tano bado ni tano. Mzee wa miaka sabini na mbili anaweza, mashine ya chama inashindwa?

6. Naomba orodha irekebishwe kabla ya Jumatatu, Hanyuda aombe radhi hadharani, na namba yangu irudishwe kwa barua yenye mhuri.

Wasalimie mkeo, wajumbe wote, na mama yake Hanyuda pia, maana hasira zangu hazimhusu.

Wako katika usafi,
Kuwabara Tetsuo
Namba Nane

N.B. Jumatatu zamu inarudi kwa namba moja. Nimeisoma tena barua hii huku nikila figili, nikapiga hesabu. Orodha ikirekebishwa, kati ya zamu ya Bi. Mizoguchi na yangu zitapita wiki saba. Tangu mke wangu afariki, hakuna mwingine aliyenigombeza asubuhi, na nimeona jinsi nilivyolitamani jambo hilo. Tafadhali msiguse chochote. Shati nimeshalipiga pasi.