Tangi la Choo Lililokataa Kuharibika

Jumanne, tarehe 10 Machi

Kwa Ndugu Mwenye Duka la Vifaa vya Ujenzi,

Salamu, na pole kwa kazi. Mwaka juzi uliniuzia choo cha kuning'inia, kile ambacho tangi lake hufichwa ndani ya ukuta. Huenda mimi hunikumbuki, ila mke wangu utamkumbuka. Ndiye aliyekaa kwenye vyoo vyako vyote vya maonyesho, kimoja kimoja, mkoba wake mapajani, kabla hajaamua.

Nasikitika kukuarifu kwamba tangi hilo limekataa kuharibika.

Siku ile nilimwambia mke wangu kwamba tangi likizikwa ukutani, likivuja tutabomoa ukuta na vigae vyake. Yeye akaniambia niache ubishi, kijitabu cha maelekezo kimeeleza: unatoa bamba la vitufe vya kumwagia maji, unapitisha mkono, basi. Nikamjibu kwamba huo mkono labda wa mtoto mchanga. Tulibishana hadi nyumbani, tukabishana fundi bomba akifunga fremu ya kulibeba tangi, tukabishana mpaka vigae vikakauka. Akaanza kuniita Bwana Nyundo mbele ya wakwe. Mwishowe tukakubaliana tangi lenyewe litaamua. Mwezi mmoja baadaye alifariki, na kesi ikabaki bila hukumu.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Miezi kumi na sita imepita, halijavuja hata tone. Kila asubuhi napapasa ukuta kwa kiganja, nakuta mkavu. Mtu hawezi kubishana na ukuta, hasa ukuta unaozungumza kwa niaba ya marehemu.

2. Halina sauti. Tangi letu la zamani lilinguruma kama lori lenye mzigo, na mke wangu akilisikia huko jikoni alinipigia kelele ninawe mikono. Hili linanong'ona. Sasa nanawa bila kukumbushwa, na sioni raha yake.

3. Lina vitufe viwili, kidogo na kikubwa. Navibonyeza vyote kwa pamoja, makusudi, nikitarajia vikwame. Havikwami.

4. Bakuli halina mguu. Nilimwalika shemeji yangu, kaka wa marehemu, mtu mwenye mwili wake, nikamwomba akakae bila kumweleza sababu. Alikaa na gazeti zima, akatoka akisema dada yake alijua kuchagua. Sikumwongezea chai.

5. Binti yangu ananisihi nimwite fundi asafishe chujio la maji, kama kijitabu kinavyoagiza kila mwaka. Nimekataa. Kulitunza tangi ni kuusaidia upande wa pili.

Kwa hiyo naomba moja kati ya haya: unibadilishie tangi hili kwa jingine linaloharibika angalau mara mbili kwa mwaka, au umlete fundi abomoe ukuta, kasoro tutaitafuta baadaye, au uniandikie barua yenye muhuri kwamba nilikuwa na hoja. Aidha, naomba duka lako liache kuwauzia wanandoa vitu vinavyodumu kuliko mmoja wao.

Nisalimie dereva wako wa mizigo, yule mama wa kaunta ya rangi, na wote wa nyumbani kwako.

Wako katika kusubiri,
Mteja wa choo cha ukutani

N.B. Nilikuwa nimeshafunga bahasha niliposikia maji yakichuruzika ndani ya bakuli. Nilikwenda stoo kutafuta nyundo, nikakaa huko kitambo, nikarudi bila nyundo. Kijitabu nilikikuta kwenye droo ya mke wangu, ukurasa umekunjwa pembe. Bamba lilitoka kwa vidole viwili, na mkono wangu ukaingia mpaka kiwiko. Mchanga kidogo ulikuwa umeshika kwenye mpira wa kuzuia maji, kwa sababu ya lile chujio nililokataa lisafishwe. Nikausuuza mpira, nikaurudisha. Hakuna kigae kilichoguswa. Nilikaa pale sakafuni nikamwambia, kwa sauti, kwamba ameshinda. Shemeji bado sijamwambia. Barua hii uichane, na ukipata nafasi utukumbuke, sote wawili.