Machicha ya Molo

Jumapili, saa tatu asubuhi, Daivashen aliingia kwa Mzee Kisumu ameinua simu juu kama mtu aliyeokota kitambulisho cha wenyewe.

"Sikilizeni habari! Wataalamu wamesema wakulima kule nyumbani wanachoma mali. Mabua ya mahindi, majani ya viazi, maganda ya maharagwe, hata machicha. Ati yote hayo ni chakula cha kondoo."

"Wataalamu wamegundua," akasema Mzee Kisumu kutoka jikoni, "jambo ambalo kondoo walikuwa wanalijua."

Huyo Mzee Kisumu ni Chandrakant, mzaliwa wa Kisumu, mwenye kiduka cha chai karibu na soko la Walthamstow, Landani. Meza yake ya dirishani ndiyo kijiwe. Daivashen ni Solomon, dereva wa basi. Jina hilo, la njia ya kuzunguka, alipewa kwa kuwa hajawahi kuifikisha hadithi bila kuizungusha mitaa mitatu. Aliyeinamia kikombe, macho mekundu, ni Ibtisam wa Unguja, ametoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya kulea wazee. Wao humwita Handova, neno la kukabidhiana zamu. Na pembeni, mgongo ukutani ili auone mlango, alikaa Serah, mama Tevin, mjane. Kijiwe kimempa jina la Sista Zaburi, maana ugomvi wowote huufunga kwa zaburi, na ukizidi, kwa mbili.

Serah alikuwa na kondoo wa kwake wa kuwaza. Mwaka juzi, kabla ya kupasuliwa nyonga, alimwahidi Mungu kwamba akitoka hospitali kwa miguu yake atamtolea kondoo dume asiye na ila. Alitoka kwa miguu yake. Mwanakondoo akanunuliwa kwao Molo, akakabidhiwa Ian, mdogo wa marehemu mumewe, na tangu siku hiyo Serah amekuwa akimlisha kwa simu. Leo ndiyo leo: kanisa lao la Molo lilikuwa na sikukuu ya mavuno, na ibada ilikuwa karibu kuanza.

"Wangu hana shida," akasema. "Alikonda, mbavu zikawa nje. Handova akanishauri machicha. Wiki mbili tu, Ian anasema amejaa kama godoro."

"Nilikwambia mie, Bi Serah," Handova akajibu bila kuinua kichwa. "Kwetu mnyama akipewa machicha, hata kamba humbana. Tena huko nani anamkunia?"

"Anamkunia nini?"

"Nazi."

"Nazi gani?"

Handova akaweka kikombe chini. "Machicha, Bi Serah. Ukishakuna nazi, ukakamua tui, yale yanayobaki."

Mzee Kisumu aliacha kukoroga. Daivashen, kwa mara ya kwanza tangu ajulikane, akaenda moja kwa moja.

"Molo hakuna mnazi hata mmoja."

"Najua hakuna. Nimezaliwa Molo."

"Basi kwetu bara, mama Tevin, machicha ni..." Akaitazama Biblia iliyokuwa mezani, akaisogeza mbali kidogo na kikombe chake. "Ni makapi ya pombe. Busaa ikishachujwa."

Nyumbani kwa kina Serah pombe haikutajwa, sembuse makapi yake. Neno alilipokea kutoka kwa Handova likiwa safi, akalituma Molo vilevile lilivyo, na huko likavaa nguo nyingine. Alimpigia Ian simu ya video, akaisimamisha kwenye bakuli la sukari.

"Shemeji, machicha uliyatoa wapi?"

"Kwa yule mama anayepika nyuma ya kituo cha maziwa. Si ulisema machicha?"

"Nilisema."

"Nilishangaa, shemeji. Lakini wewe ni mtu wa maombi. Nikasema labda umefunuliwa."

"Unampa kiasi gani?"

"Mimi simpi. Tunaenda naye kila jioni, anakula palepale yakiwa na joto."

Daivashen alipekua habari yake. "Hapa wameandika apewe kidogo kidogo, yachanganywe na mabua makavu. Hawajaandika apelekwe kilabuni."

"Fimbo ya mbali," Mzee Kisumu akasema, akarudi kukoroga.

"Nionyeshe," Serah akaamuru.

Ian akageuza simu. Kondoo alikuwa mnene, mweupe, ameegemea ukuta wa mbao kama mzee anayesubiri benki ifunguliwe.

"Anaumwa?"

"Hapana, shemeji. Ana furaha."

Kijiwe kikaanza kumwaga ushauri. Daivashen alisema kondoo asingiziwe kizunguzungu, kwani barabara ya Molo ina kona nyingi. Handova, ambaye roho ilikuwa ikimsuta, akasema, "Mwambie Mchungaji ni ya nazi. Si ndiyo niliyokusudia mie? Kosa langu, nilibebe mie."

"Na Mungu nimwambie ni ya nazi?"

Serah alijishika nyonga. Hakuogopa kuchekwa, alikwisha chekwa kwa mambo madogo zaidi. Aliogopa vitu viwili tu: kumpa Mungu mlevi, au kumnyima alichomwahidi. Akampigia Mchungaji, akamweleza yote, tangu nazi hadi kituo cha maziwa. Nyuma ya sauti yake waimbaji wa Molo walikuwa wakijaribu ngoma.

"Anasimama?" Mchungaji akauliza.

"Akiegemea."

"Ana kilema? Jicho, mguu, sikio?"

"Hana."

"Basi aletwe. Kwenye mlango ule nimepokea watu wakiwa na hali mbaya kuliko hiyo, na sikumrudisha mtu."

"Nataka utangaze, Mchungaji. Useme alivyolishwa na alikolishwa. Sadaka yangu isipite na siri."

Mchungaji alivuta pumzi ndefu. "Mama Tevin, una hakika?"

"Nina hakika."

"Aliyeficha maradhi, kifo kitamuumbua," Handova akanong'ona, akimuunga mkono.

Robo saa baadaye wote wanne walikuwa wamebanana mbele ya bakuli la sukari. Mzee Kisumu alikuwa amegeuza kibao cha mlangoni, kiduka kimefungwa. Ian alishika simu mkono mmoja na kamba mkono mwingine. Kanisa lilijaa. Mchungaji akasimama, akasema kwamba mama Tevin wa Landani ameomba ijulikane kuwa kondoo huyu, kwa bahati mbaya ya neno moja, amelishwa machicha ya busaa nyuma ya kituo cha maziwa kwa muda wa wiki mbili.

Kina mama wakaguna. Watoto wakacheka. Kamba ikamponyoka Ian.

Kondoo hakukimbia. Alipita katikati ya viti kwa hatua za kupima, akawapita kina mama, akawapita waimbaji, akafika benchi la mbele la wazee wa kanisa. Akamnusa wa kwanza, akamwacha. Akamnusa wa pili, akamwacha. Kwa wa tatu, mzee wa suti ya kijivu, alilaza kichwa magotini na kufumba macho.

Na yule mzee, mkono ukimtangulia kabla ya akili, akamkuna nyuma ya sikio.

"Leo umewahi," akamwambia.

Kipaza sauti kilikuwa karibu.

Mchungaji aliteremka madhabahuni taratibu, akamkagua kondoo macho, akamkagua masikio, akamshika miguu yote minne. Kisha akasimama wima.

"Kondoo hana ila," akasema. "Amepokelewa."

Akageuka kidogo.

"Mzee, wewe utabaki baada ya ibada."

Serah alisema amina, peke yake, kwa sauti ya kawaida, akaomba aongezewe chai.