Jambia la Bi Asya na Seneta wa Iowa

Nasr Marijani hakuwa mwizi, hasha! Mwizi huchukua, Nasr hupewa, tena kwa kubembelezwa. Siku alipookota katika soko la mji wa Ibra kitabu chakavu cha maisha ya Orville Pruitt, seneta wa jimbo la Iowa, Marekani, zaidi ya miaka mia iliyopita, aliitazama picha ya masharubu ya seneta huyo akacheka peke yake. Kijiji cha jirani, Samad Ash Shan, kulikuwa na mjane, Bi Asya, mwenye jambia la fedha la babu yake. Mjini Nizwa kulikuwa na tajiri anayelitaka kwa bei yoyote.

Akaiosha Land Cruiser yake mpya, roho yake ile, akaenda.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kahawa."

Majirani wanne walikuwepo. Vizuri, mashahidi hao. Kwani kwetu mgeni akisifu kitu mbele za watu, mwenyeji hujibu "chukua, chako," na muungwana hukataa. Uungwana Nasr alikuwa nao, ila siku za kazi aliuacha nyumbani.

Akafungua kitabu. Pruitt alizaliwa shambani, akafundisha watoto shuleni, akaingia baraza la jimbo kupigania madaraja. Hayo yamo. Yaliyofuata hayamo: ati Pruitt alikuja Samad kununua tende, akalala kwa babu yake Bi Asya, akalisifu jambia.

"Babu akampa palepale! Pruitt akaona haya, akaliacha. Mpaka anakufa akilitaja, maskini."

Bi Asya akapangusa machozi. "Na babu, hakusifu kitu?"

Hapo Nasr akanogewa. "Alisifu farasi wa Pruitt. Wallahi, Pruitt akamkabidhi hatamu, akaondoka kwa miguu! Watu ni wale, bibi. Na jambia ndilo lile ukutani? Mashaallah, zuri mno!"

"Chukua, chako."

Nasr alikuwa keshalishika.

Wote wakamsindikiza nje. Bi Asya akalipapasa gari. "Mashaallah, Nasr. Gari lako zuri kweli kweli."

Macho ya watu watano yakamtulia Nasr.

"Pruitt alitoa farasi," jirani mmoja akaguna.

Nasr akapiga hesabu upesi. Akikataa, habari itafika Ibra kabla yake, na nani atamkaribisha tena kahawa? "Chukua, bibi, lako," akasema, akingoja akataliwe kiungwana.

"Ahsante, mwanangu. Kadi ya mulkiya, ile ya umiliki wa gari, tutaibadilisha jina Jumapili." Mkono wa Bi Asya ulikuwa tayari kwenye ufunguo.

Nasr akadandia lori la majani ya ng'ombe, jambia kifuani, akijiliwaza kwamba tajiri wa Nizwa atamfuta machozi. Dereva akalitupia jicho.

"Kakupa Bi Asya?"

"Umejuaje?"

"Nilimletea dazeni ya hayo juzi, kutoka soko la Matrah. Bati tupu, lakini wageni wake wanayapenda hao!"